Jiwe Lililopewa Jina Langu

Sogeeni, wanangu, mkae mahali ambapo sitalazimika kupaza sauti, maana hii iliyobaki ni ya kupimia. Lefa, vua kofia uketi. Tangu asubuhi umesimama hapo mlangoni kama mtu wa kodi. Puseletso, acha kunikanda miguu, haina habari na wewe tena. Nawe Selloane, mkwe wangu, weka hilo bakuli chini uje ukae hapa kitandani, upande wa ukutani, kwa sababu nitakayoyasema ni ya ninyi watatu lakini mbebaji ni wewe, na nataka nikuone uso.

Tuanze na madogo. Nyumba hii ya mawe na bati lake ni ya Lefa. Shamba la bondeni, lile linalopakana na mto, ni la Puseletso, na baba zenu wadogo wakija na maneno yao kwamba mtoto wa kike harithi ardhi, waonyesheni karatasi iliyoko kwa chifu, ina muhuri na ina alama ya kidole changu ingawa kusoma najua, kwa sababu nilitaka waone dole gumba lenyewe. Ugomvi wangu na mzee Ramokone juu ya malisho ya mlimani umekwisha leo. Mwambieni nimemsamehe. Aje mazishini akitaka, lakini yule mbwa wake abaki kwake.

Hayo yamepita. Sasa nisikilizeni kwa lile ambalo hata baba yenu Phakiso alilijua nusu tu akafa nalo.

Mmekua mkijua kwamba mimi ndiye niliyeokota ile almasi kubwa. Mmewaona wageni wakipanda mlima huu na kamera zao, wakiniambia nisimame pale nje nimejifunga blanketi langu zuri, wakiniuliza, “Bibi, ulijisikiaje ulipoiona?” Nami kila mara nikawajibu kwamba nilifurahi. Wanaandika, wanaondoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ilikuwa wapi hasa, imelala ndani ya nini.

Ilikuwa mwaka ule bendera yetu ya uhuru ilipopandishwa Maseru. Baba yenu alikuwa Johannesburg, chini ya ardhi, akiwachimbia wengine dhahabu. Mimi nilimwacha Lefa kwa mama yangu nikapanda Phororong, kule juu kabisa ambako hata farasi hapendi kusimama, nikawa nachimba almasi kwa leseni yangu mwenyewe. Kitalu changu kilikuwa hatua kumi kwa kumi. Kitalu cha jirani kilikuwa cha Tlali.

Ndiyo, Selloane. Baba yako. Tulia kwanza.

Ninyi hamkumwona. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kicheko cha kuamsha kondoo, hakuwahi kukanyaga shule hata siku moja, lakini akipiga mluzi, mifugo ya bonde la pili inainua vichwa. Alinitania kutwa. “Mama Lefa,” ananiita akiwa shimoni mwake, “wewe unachekecha kokoto kama mtu anayechambua maharage! Almasi ikikuona itakufa kwa usingizi.” Nami namjibu, “Ikikimbilia kwako niite nikuonyeshe ni ipi, maana wewe hata chumvi huijui mpaka uirambe.” Tulicheka hivyo mwezi hata mwezi, na kama mmoja ana ugali na mwingine ana mboga, tulikula pamoja. Mke wake alikuwa hapa kijijini, mjamzito. Mimba yenyewe ndiyo wewe.

Mwezi wa tano, asubuhi moja yenye ukungu, alikuja kibandani kwangu akaniomba mshumaa. Nikamuuliza, “Mshumaa wa nini mchana kweupe?” Akacheka, akasema, “Kwani huko chini kuna mchana?” Nikampa. Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kinywani mwake. Mchana theluji ikaanza, ikashuka siku mbili bila kupumzika, na sisi wachimbaji tukateremka kila mtu kwa njia yake, wengine kwa farasi, wengine kwa miguu, kila mmoja akidhani mwenzake amekwisha kutangulia. Niliporudi kijijini mkewe aliniuliza, “Mama Lefa, mwenzangu hukumwacha nyuma?” Nikamwambia sijui. Na siku ile nilisema kweli. Naomba mniwekee akiba siku ile moja.

Nilirudi Phororong mwezi wa tisa, udongo ulipoanza kulegea. Puseletso nilikuwa naye tumboni, wa ile likizo ya baba yenu, ameanza kucheza. Wachimbaji walikuwa hawajapanda bado, labda watatu, nao walikuwa nyuma ya mwinuko. Shimo la Tlali lilikuwa limejaa theluji iliyogeuka barafu na ukingo wake umebomoka. Sikufikiri kitu. Niliingia shimoni mwangu nikaanza kukata ukuta wa upande wa kwake, maana hapo kokoto zilikuwa za bluu, nzuri. Jua lilikuwa utosini, mwanga mkali wa theluji hata macho yanatoka machozi. Sururu ikagusa kitu kisicho jiwe wala udongo.

Ulikuwa mkono.

Ulitokea ukutani, kuanzia kiwiko, kama wa mtu anayeomba kushikwa avutwe. Barafu ilikuwa imeutunza, hata nywele za mkononi zilikuwepo. Nilimjua kwa kidole chake cha shahada kisicho na kucha. Alikuwa amechimba pango chini kwa chini, kutoka kwake kuja kwangu, ndiyo maana ya ule mshumaa, akaangukiwa humo. Na ngumi ilikuwa imefumba.

Ningepaswa kupiga kelele. Wale watatu wangenisikia. Badala yake nilipiga magoti nikachungulia katikati ya vidole, nikaona kitu kina rangi ya chai iliyokosa majani, na mwanga umeingia ndani yake na haujui pa kutokea.

Nilijaribu kuvifungua vidole. Havikufunguka; vilikuwa kama mzizi. Kuna jambo lingine ningeweza kufanya, sururu ilikuwa hapo hapo, na nalitaja ili mjue kwamba lilinipitia akilini. Sikulifanya. Nilifungua blanketi langu, nikasogea mpaka ukutani, nikauweka ule mkono tumboni pangu, ngozi kwa ngozi, nikaufunika, nikaukumbatia. Baridi yake ilinipasua. Puseletso akaacha kucheza. Nilikaa hivyo tangu jua likiwa utosini mpaka lilipogusa mlima, namsemesha marehemu kama mtu anayembembeleza mgonjwa ameze dawa. Nilimwambia, “Tlali, nipe. Nipe nikuwekee.” Ndivyo nilivyosema, wanangu. Nikuwekee.

Na vidole vikafunguka. Kidole gumba kwanza, kisha vingine, taratibu, kimoja kimoja, mpaka jiwe likadondoka lenyewe juu ya mapaja yangu. Mtaniambia ni barafu iliyoyeyuka. Mimi pia nimejiambia hivyo. Lakini mkono ulipokwisha kunipa, haukulegea. Ulinipapasa tumbo mara moja, polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani, ndipo ukatulia.

Nikamfunika. Nilirudisha udongo, nikashindilia kwa sepeto, nikapanga mawe mbele. Kisha nikachukua kamba nikapima kutoka kigingi hadi kigingi, kwa sababu nilitaka kujua. Mwili ulikuwa upande wake. Mkono ulikuwa upande wangu. Jiwe alilitoa wapi, kwake au kwangu, hakuna anayejua ila yeye. Miaka arobaini na tatu nimejiambia: alikuwa anakuibia, Mama Lefa, alikuwa chini ya kitalu chako. Na huenda ni kweli. Lakini sikuja hapa kuzungumza habari ya jiwe. Jiwe ningesamehewa.

Nipe maji kidogo, Puseletso. Hayo yanatosha.

Jiwe lilikuwa kubwa kama yai la kuku. Nililificha ndani ya mkate nikapanda farasi siku tatu mpaka Maseru. Kwenye ofisi ya wanunuzi, wazungu wanne walilitazama kwa kioo chao, kila mmoja akalipokea kwa mwenzake na kulirudisha upesi upesi, mpaka mmoja akafuta vidole kwenye suruali akasema, “Mbona baridi hivi, na limetoka kwenye mkate wenye moto?” Mkate haukuwa na moto, ulikuwa wa juzi. Sikumjibu. Karani akauliza jina la mwenye mali. Nikasema, “Mimi ni Mama Lefa,” naye akaandika Malefa, na tangu siku ile duniani kote jiwe linaitwa Malefa. Likaenda ng’ambo. Fundi wa kule alilikalia miezi saba bila kuligusa, akilitazama tu, kisha akalipasua vipande kumi na kimoja. Kile kikubwa kilivaliwa na mke wa tajiri mmoja. Picha yake ilitoka gazetini, mama yuko kwenye karamu ya kiangazi, wenzake mabega wazi, yeye kajifunika manyoya mpaka shingoni. Mwaka wa pili akakiuza. Aliyekinunua naye akakiuza. Siku hizi kimewekwa ndani ya sanduku la kioo huko kwao, watu wanalipa kukitazama. Puseletso, wewe uliposomea kule ulikwenda kukiona. Waambie wenzako ulichoniandikia. Basi nitasema mimi: uliandika kwamba kioo kina ukungu kwa ndani, na mlinzi alikwambia wanakifuta kila asubuhi na kila asubuhi kinarudi, kama kuna mtu anapumulia humo.

Sasa Selloane, nitazame. Hapa ndipo penye neno lako.

Niliporudi kutoka Maseru wewe ulikuwa na mwezi mmoja. Mama yako alikuja kwangu amekubeba, akakaa pale kwenye jiwe la kusagia, akasema, “Dada, watu wananicheka. Wanasema wa kwangu amenitoroka. Wewe na yeye mlikuwa majirani kule juu. Hakukuachia neno lolote?” Alinitazama hivi kama unavyonitazama wewe sasa. Na mimi nikaona, nikisema aliko, watakwenda kumfukua, watamkuta kiganja wazi, watajiuliza alikuwa ameshika nini. Nikamwambia, “Aliniaga. Alisema anakwenda Welkom, kwenye dhahabu.”

Lefa, kaa. Kaa! Mwache asimame yeye. Wewe kaa.

Neno hilo moja ndilo deni langu. Kutokana na neno hilo, baba yako aliitwa mtoro. Wewe ulipokwenda shule wakakuimbia kwamba baba yako ameoa Welkom, anavaa viatu vya kung’aa, na ulikuja kwangu ukilia, nami nikakupa peremende. Mama yako kila Krismasi alipakua sahani ya baba yako akaifunika kwa kitambaa. Na kwa kuwa hakujua kuandika, nani alimwandikia barua za kumtafuta mumewe? Mimi. Miaka sita. Anakaa hapo, anatamka, “Mwambie mtoto ameota meno. Mwambie paa linavuja. Mwambie sina hasira,” nami naandika kila neno bila kupunguza hata moja, nafunga bahasha, naandika Welkom, naipeleka dukani kwenye mfuko wa posta. Nilizituma kweli. Sijui nilidhani nini. Nilidhani zitapotea huko migodini kama zinavyopotea nyingine.

Mwaka wa tatu, jibu likaja.

Mwenye duka aliniita, “Mama Lefa, kuna ya shoga yako.” Bahasha haikuwa na stempu. Ilikuwa imelowa, na ndani, pamoja na karatasi, kulikuwa na kokoto za bluu, kiasi cha kujaa kijiko. Mama yako alikuwa amesimama ubavuni pangu, ameshika mikono yake miwili kifuani, anasubiri. Karatasi ilikuwa na maneno machache ya penseli: *Nimezisikia zote. Hapa ni baridi. Nifunueni.* Nimekwisha kuwaambia kwamba Tlali hakujua kusoma wala kuandika. Mwandiko ule ulikuwa wangu. Ile herufi yangu ya N yenye mkia, walimu walinichapa kwa ajili yake. Sikuiandika barua ile, wanangu. Naapa kwa hiki kitanda nitakachofia. Sikuiandika, au kama niliiandika, sikuwepo.

“Anasema nini?” mama yako akaniuliza. “Soma, dada!”

Nikasoma, “Anasema ni mzima. Anasema Krismasi atakuja.”

Akanikumbatia. Alifurahi mpaka akakopa sukari kwa mwenye duka ili wote tunywe chai. Nikanywa.

Barua iko kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda hiki. Haijawahi kukauka. Usiiguse sasa, Lefa. Nitakapokwisha.

Na tangu mwaka ule anakuja. Haji usiku, kama mnavyodhani wafu huja. Anakuja saa sita mchana, siku za theluji, jua likiwaka. Anakaa nje ya zizi, amenipa mgongo, na blanketi la kijivu, ameelekea ukuta wa mawe. Hana kivuli. Mbwa hawambwekei, wanakwenda kulala miguuni pake, na wakirudi manyoya yao yamefanya barafu. Baba yenu aliporudi na kifua chake kibovu alimwona mara moja. Aliniuliza, “Nani yule?” Nikasema, “Jirani wa Phororong.” Akatazama kwa muda mrefu, akatazama hili bati, akatazama ng’ombe, yeye mwenyewe mtu wa chini ya ardhi, akaelewa kiasi chake. Akasema, “Mimi nisiambiwe. Niache nife kwanza.” Alikufa mwaka uliofuata na hakutazama tena dirishani.

Sasa utasema, Selloane, kwamba ndiyo maana nilikutaka uolewe na Lefa. Ndiyo. Mnadhani mlipendana wenyewe, na mlipendana, lakini ni mimi niliyekuwa nikikutuma kisimani saa ambayo Lefa ananywesha farasi. Nilitoa ng’ombe thelathini wakati wengine wanatoa ishirini, watu wakasema Mama Lefa anajionyesha. Nilifikiri: mali itarudi kwa mwenyewe, wajukuu watakuwa wa damu yake, na mimi sitalazimika kusema. Nilikupenda pia. Hilo halifuti kitu, nalisema tu kwa kuwa ni kweli. Umeniogesha miezi minne hii kwa mikono yako, na kila uliponiogesha nilitaka kusema, nikaogopa utaniacha na sabuni mwilini.

Mama yako alikufa akitazama barabara. Nilikuwepo. Aliniambia, “Akija, mwambie nilingoja.” Nikamwambia nitamwambia.

Puseletso, niinue kidogo. Zaidi. Pumzi inakwama hapa.

Sasa maagizo. Yashikeni, maana sitarudia. Mtapanda Phororong. Machimbo yetu ya zamani yamebaki, kampuni ya almasi ilichukua upande wa pili wa mlima tu. Tafuteni mwamba wenye umbo la tandiko; kutoka hapo hatua sitini kuelekea maporomoko ya maji; mtaona mawe saba niliyoyapanga. Chimbeni kwa mikono, msitumie sururu. Mvikeni blanketi jipya. Kichwa chake kielekee mashariki. Mmlete hapa, mmlaze kando ya mkewe, mchinje ng’ombe, mwite kijiji kizima, pamoja na wale waliomwimbia Selloane shuleni, watu wazima sasa wenye watoto wao, na Lefa usome mbele yao haya yote kwa sauti, jina langu ukilitaja. Usiseme marehemu mama. Sema Mama Lefa alidanganya.

Nyumba nimesema ni ya Lefa. Nageuza. Ni ya Selloane. Lefa ataishi humo akikaribishwa.

Na mimi… mimi msinizike mpaka yeye azikwe. Muda ukiwa mrefu, wekeni mwili wangu kwenye ghala, kuna baridi ya kutosha. Kisha mwulizeni Selloane niwekwe wapi. Akikataa kuniona kwenye makaburi ya watu wetu, nipandisheni kule, nipeni lile shimo. Sitaki libaki wazi. Sijui ni nini kingine kinaweza… kikaja kukaa humo.

Selloane ametoka? Sikumwona. Macho yamekuwa na ukungu. Msimzuie. Lefa, mkono wako… ni wewe huyu? Mzito kama wa baba yako. Nawabariki. Mpate mvua kwa wakati wake. Mpate maziwa. Mlale bila kusikiliza mlango. Watoto wenu wawe na… wawe na midomo myepesi, wakikosa waseme siku hiyo hiyo, wasikae nalo. Nawabariki wote wawili, na yeye… yeye nitamwomba anibariki mimi.

Nyamazeni. Nasikia chuma.

Ni hatamu. Anatandika farasi. Na theluji yote hii… peke yake… Lefa, unanishikia nini mkono? Chukua sepeto. Chukua blanketi, lile jipya, halijafunguliwa, na mkate. Usimwite. Usimwambie arudi. Wewe panda nyuma yake… ukae nyuma… mpaka yeye mwenyewe ageuke akuambie neno.

Nenda. Mlango… uache hivyo.